Jino la Pembe Si Dawa ya Pengo

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha, tukapewa alama, tukasahau. Mimi nimeikumbuka mwaka huu kwa sababu nyumbani kwetu Olasiti kuna mapengo mawili ya kweli, si ya methali: moja langu, moja la mdogo wangu wa kike. Na yupo daktari aliyetuambia kwamba moja kati ya hayo linaweza kuzibwa kwa jino ambalo si la pembe wala la plastiki, bali ni la mwenyewe. Yaani jino litolewe mwisho wa taya lipandwe mbele, kwenye nafasi iliyo wazi.

Najua unavyojisikia ukisoma hapo. Mimi pia nilidhani daktari anatania.

Mapengo yetu ni ya gego la kwanza, chini kushoto, wote wawili. Wanaosoma Biolojia wataikumbuka fomula ya meno ya mtu mzima: 2, 1, 2, 3 kila upande, juu na chini, jumla 32. Katika yale magego matatu, la kwanza ndilo linalobeba kazi kubwa ya kutafuna, na ndilo linaloonewa kuliko yote. Huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, wala halisubiri jino lingine ling'oke ili liingie. Kwa hiyo wazazi wengi hawajui kama limeshaota. Likitoboka wanasema, "Liache, litang'oka lenyewe, lingine litakuja." Kumbe hilo ndilo la kudumu. Hakuna lingine linalokuja.

Langu lilitoboka nikiwa darasa la sita, likang'olewa nikiwa kidato cha pili. La mdogo wangu lilimsumbua miaka miwili, likang'olewa mwaka jana akiwa kidato cha tatu. Nyumba moja, chungu kimoja, duka moja la pipi. Kuziba jino kulikuwa ghali kuliko kuling'oa, na mama anauza mboga sokoni Kilombero. Hiyo hesabu haihitaji shahada.

Watu hudhani jino likishang'olewa shida imekwisha. Pengo halitulii, bwana. Jino la nyuma yake huanza kulala kuelekea mbele, la mbele yake nalo husogea, na lile la juu lililokuwa linasagana na marehemu hushuka taratibu likitafuta mwenzake. Baada ya miaka kadhaa nafasi imebana, chakula kinakwama, na unajikuta unatafuna upande mmoja bila kujua. Mimi natafuna kulia. Sikuwahi kuligundua hilo mpaka daktari aliponionyesha jinsi meno ya kulia yalivyolika kuliko ya kushoto.

Tulikwenda kwa daktari huyo mwezi wa pili, mimi nikimsindikiza mdogo wangu ili awekewe jino la bandia, lile la kuvaa na kuvua. Nilikuwa nimetenga pesa kidogo kwenye bumu. Daktari akatoa kadi ya rangi, ile yenye vijino vimepangwa kuanzia cheupe hadi cha njano, ili achague kinachofanana na meno ya mgonjwa. Akasogeza moja, akasogeza lingine, akacheka. "Mwanangu, rangi yenu haimo humu."

Na kweli haimo. Meno yetu ni ya Chuga. Ukisoma chuo nje ya Arusha unajua ninachosema: unatabasamu siku ya kwanza hosteli, mtu anakuuliza, "Wewe ni wa Arusha?" Rangi hii ya kahawia haitokani na uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Ni floraidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina madini haya kwa wingi, na maji yanapopita humo yanayabeba. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu ukifuata 1.5 vijiji vingine vingekosa maji kabisa, na baadhi ya chemchemi za pande hizi zimepimwa zikakutwa na zaidi ya 10. Ongeza magadi tunayoweka kwenye maharage na kande, nayo yana floraidi yake. Mtoto akinywa na kula hivyo wakati meno yake bado yanaumbwa ndani ya taya, enameli inatoka na mabaka, na hakuna mswaki wa kuyaondoa.

Watu hawajakaa kimya. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, ambako mkaa wa mifupa ya ng'ombe umetumika kuchuja maji kwa miaka mingi. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ndiko alikotoka Dk. Askwar Hilonga na mtambo wake wa kuchuja maji kwa teknolojia ya nano, uliopata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Lakini hayo ni kwa watoto wa sasa. Sisi tulishakunywa.

Basi daktari akaweka kadi pembeni, akaagiza picha ya eksirei ya taya zima. Alipoirudia ile picha akanyamaza kidogo, halafu akamuuliza mdogo wangu ana umri gani. Miaka 17. Akatuita wote wawili tuangalie. Nyuma kabisa ya taya, chini ya ufizi, kulikuwa na gego la mwisho, lile tunaloita jino la hekima, limelala likisubiri. Taji lake lilikuwa limekamilika, mizizi yake imefika nusu tu, na ncha za mizizi zilikuwa wazi kama mdomo wa bomba.

"Hili," akasema, "linaweza kuhamishwa likakaa pale penye pengo."

Sasa nieleze inavyofanyika, kwa jinsi alivyotueleza na nilivyosoma baadaye maktaba. Daktari wa upasuaji anatia ganzi, anaandaa shimo kwenye mfupa pale penye pengo, halafu anatoa gego la mwisho polepole na kulihamishia humo. Siku hizi, penye vifaa, hupiga kwanza picha ya pande tatu, wakachapisha nakala ya plastiki ya jino lile, na kutumia nakala hiyo kupima shimo mpaka likae sawa. Jino lenyewe linatolewa mwishoni, ili lisikae nje muda mrefu. Likishaingia linafungwa kwa uzi au waya mwembamba kwa wiki moja au mbili. Halikazwi sana, kwa sababu linatakiwa litikisike kidogo.

Siri yote iko kwenye ngozi ya mzizi. Jino halikugandishwa kwenye mfupa kama msumari kwenye saruji. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wenye chembe hai, na huo ndio unaoshika jino na kulilisha. Utando ukibaki hai, jino linashika upya. Ukikauka au ukikwanguliwa, mwili unaanza kuula mzizi, au jino linagandana na mfupa na baada ya miaka linapotea. Ndiyo maana daktari hahesabu masaa, anahesabu dakika.

Na ndiyo maana umri ni kila kitu. Mzizi ukiwa umefika theluthi mbili hadi robo tatu ya urefu wake, na ncha bado iko wazi, mishipa ya damu inaweza kuingia upya na jino likaendelea kuishi lenyewe, hata mzizi ukamalizia kukua mahali papya. Mzizi ukishafunga, damu haipati mlango. Bado jino linaweza kuhamishwa, lakini litahitaji matibabu ya mzizi wiki chache baadaye, na mambo yanakuwa magumu zaidi.

Nikamuuliza daktari kwa nini asiwekewe tu lile jino la skrubu ya titani, ambalo wenye pesa wanaweka. Akajibu kwamba kwa binti wa miaka 17 si busara kuharakisha. Skrubu haikui. Taya likiendelea kukua na meno ya jirani yakipanda nalo, skrubu inabaki palepale, na baada ya miaka jino linaonekana limezama. Jino lake mwenyewe, likishika, linasogea pamoja na wenzake.

Nyumbani kazi ilikuwa kumweleza Koko, bibi yetu mzaa mama. Koko ni Mwarusha wa zamani, na yeye mwenyewe ana pengo: meno mawili ya mbele ya chini yalitolewa akiwa mtoto, kama ilivyokuwa desturi ya Waarusha na Wamaasai wa rika lake. Wazee husema nafasi ile iliachwa ili mtu akipatwa na pepopunda na taya likajifunga, anyweshwe maziwa na dawa kupitia hapo. Nilidhani atapinga. Nikamweleza kwa mfano wa mgomba: unachimba chipukizi pembeni ya mama yake, unalihamisha na udongo wake kwenye mizizi, unalipanda kabla halijanyauka. Ukiliacha juani nusu siku, umepanda kuni.

Koko akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pengo langu lina kazi. La huyu mtoto lina kazi gani? Mpandeni."

Mama ndiye aliyekuwa mgumu, na sababu zake hazikuwa za kijinga. Ya kwanza, daktari wetu alisema wazi kwamba yeye hafanyi upasuaji huo, atatuandikia barua kwa bingwa wa kinywa na taya, na hiyo maana yake ni safari ya Moshi au Dar es Salaam, nauli, malazi, na kurudi tena kuangaliwa. Ya pili, mdogo wangu ana mtihani wa taifa wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja. Ya tatu ndiyo iliyonigusa. Mama alisema, "Ana jino zima huko nyuma, halimuumi. Mnataka kumtoa jino zima kwa sababu ya lililooza. Likikataa kushika, atakuwa amepoteza mawili."

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu ni kweli. Likikataa, limekwenda. Nilichoweza kumweleza ni kwamba jambo hili si jaribio jipya. Marekani walikuwa wakihamisha magego ya mwisho kwenda kwenye pengo la gego la kwanza tangu miaka ya 1950. Denmark, mwaka 1990, Andreasen na wenzake wa Copenhagen walichapisha habari za meno 370 yaliyohamishwa na kufuatiliwa kwa miaka, na zaidi ya asilimia 90 yalibaki kinywani. Wale walikuwa na mabingwa waliozoea, na wagonjwa waliorudi kila walipoitwa. Nilimwambia mama hilo pia, sikulificha.

Kuna historia nyingine ambayo sikumwambia mama, ila nakuambia wewe. London ya karne ya 18, matajiri walioharibikiwa na meno kwa sukari walikuwa wakinunua meno ya maskini. Kijana anakaa kwenye kiti, jino lake zima linang'olewa, linahamishwa hapohapo kwenye kinywa cha bwana au bibi aliyelipa. Daktari maarufu John Hunter, aliyetoa kitabu chake cha meno mwaka 1771, alilipigia debe jambo hili. Aliwahi hata kupandikiza jino la binadamu kwenye upanga wa jogoo. Lakini mwili wa mtu unakataa jino la mtu mwingine, na mengine yalikuja na magonjwa kama kaswende. Biashara ikafa. Nilipoisoma habari ile niliona sukari ile ilitoka kwenye mashamba ya watumwa, na meno yakatoka kwa maskini wa mjini, na bado tajiri hakupona. Jino linalokubalika mwilini ni la mwenyewe. Hapo maskini na tajiri wako sawa, maana wengi wao wana akiba yao huko nyuma ya taya.

Tulivyoamua ni hivi. Mwezi wa nane, shule zikifunga kidogo, tunapiga picha ya pili kuona mizizi imefika wapi. Kama inakwenda taratibu, upasuaji utafanyika mwezi wa kumi na mbili baada ya mtihani. Kama inakimbia, tutakaa tena tuamue. Mama alikubali kwa sharti kwamba bingwa mwenyewe amweleze uso kwa uso, si kupitia kwangu. Mimi bumu la muhula ujao sehemu yake lina mwenyewe tayari. Kuna siku za wali maharage mpaka mwisho wa mwezi, lakini hilo kwa mwanachuo si habari.

Mimi je? Nilimwomba daktari aangalie na langu, maana tulikuwa tumeshafika. Gego langu la mwisho limeota lote na mizizi imefunga. Akasema hata hivyo lisingekuwa tatizo kubwa, tatizo ni pengo lenyewe. Miaka saba imelibana. Jino la nyuma limelala juu yake kama mlevi kwenye bega la kondakta, na gego zima haliwezi kuingia pale bila kwanza kuyanyoosha meno kwa waya, kazi ya muda mrefu na pesa nyingi. Kwa hiyo nitabaki na pengo langu. Tumetofautiana miaka mitano tu mimi na mdogo wangu, tena jino ni lilelile.

Jambo hili linanihusu kama mwalimu mtarajiwa kuliko nilivyofikiri. Mwaka huu naenda mazoezi ya kufundisha, na katika silabasi ya Biolojia nitafundisha meno. Ningeweza kuandika fomula ubaoni nikaondoka. Badala yake nitawaambia wanafunzi waguse kwa ulimi gego lao la kwanza, wajue ni la kudumu, na wakawaambie nyumbani habari za wadogo zao wenye miaka 6.

Na kuna jingine ambalo kila mwanachuo wa ualimu anapaswa kulijua kabla hajashika chaki, kwa sababu linafuata kanuni ileile ya ngozi ya mzizi. Mwanafunzi akianguka uwanjani na jino la mbele la kudumu likatoka zima, usilitupe, wala usilifunge kwenye karatasi. Lishike upande wa taji, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kidogo tu, usilisugue. Lirudishe kwenye tundu lake, mtoto aume kitambaa safi, na mkimbie hospitali. Ukishindwa kulirudisha, liweke kwenye maziwa, usilitie kwenye maji ya bomba. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Hili halihusu meno ya utotoni, yale hayarudishwi. Maziwa yanapatikana karibu kila duka la Olasiti, na mwalimu wa zamu ndiye mtu wa kwanza kufika. Hakuna bingwa atakayefika kabla yako.

Kwa wenzangu wa mwaka wa kwanza na wa pili, wengi mko kwenye umri ambao magego ya mwisho yanaota na kuuma, na najua mkienda zahanati neno la kwanza ni "ling'oe". Huenda kung'oa ndiyo dawa yake kweli. Ila kama una pengo mahali pengine, uliza swali moja kabla ya sindano: jino hili linaweza kutumika pale? Daktari anaweza kusema hapana, kwa sababu fizi zako zinaumwa, au unavuta sigara, au umbo la mizizi halikubali, au nafasi imeshabana kama yangu. Ni sawa. Swali halilipiwi.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu usiku, akasema amewaza jambo. Alipokuwa na miaka 9 nyumbani tulianza kununua maji yaliyochujwa kwa madumu, na taji la gego la mwisho ndipo lilipokuwa linaumbwa. "Sasa kaka, likitoka jeupe je? Si litakuwa halifanani na mengine?"

Nikamwambia iko nyuma, nani atachungulia. Akasema yeye atachungulia kila siku. Picha ni tarehe 12 mwezi wa nane.